Jirani Aliyeuza Redio za Memori

Kwa miaka yote niliyoshona kwenye baraza lile karibu na stendi ya zamani ya Bariadi, mlango ulio kushoto kwa cherehani yangu ulikuwa wa mtu mmoja. Mimi nilimwita Jirani, yeye aliniita Fundi. Majina yetu tulikuwa tunayajua, maana yaliandikwa kwenye leseni zilizobandikwa ukutani, lakini hatukuyatumia hata siku moja, na nikijaribu kuliandika lake hapa naona kama namzungumzia mtu mwingine.

Alikozaliwa sikuwahi kuuliza. Wenye maduka ya ng'ambo ya barabara walisema ni Mrangi wa Kondoa, wengine wakasema ametokea Ujiji, na yeye akiulizwa alijibu kwamba ametokea nyumbani kwake asubuhi ile. Nilimkuta pale nilipokuja na cherehani yangu kutoka Ngulyati. Nilikuwa nasita niiweke wapi, akatoka ndani, akasogeza benchi lake na kusema palipobaki panatosha meza ya fundi. Kisha akarudi ndani.

Aliuza redio za memori. Kwa asiyezijua, ni vile viredio vya kushika mkononi vyenye tundu la memori kadi na tundu la flashi. Unaingiziwa nyimbo zako, unatembea nazo. Kabla simu za kugusa hazijaingia kila mfuko, hivyo ndivyo vilivyokuwa muziki wa mkoa huu. Wachungaji walivivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Waliopalilia pamba walikiweka kimoja ndani ya ndoo tupu mwanzoni mwa mstari, na ndoo ikakikuza kikasikika shamba zima. Msimu wa pamba ulipofika na watu kushika hela, mwanamume alinunua baiskeli au bati, mkewe akanunua vitenge, na wote wawili wakaja kwa Jirani kuchagua redio.

Duka lake lilikuwa chumba chembamba chenye rafu pande mbili. Kila asubuhi alifungua, akachukua kitambaa nilichomkatia kwenye masalio yangu, akafuta redio moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, kama mtu anayewanawisha watoto uso. Maduka mengine ya mtaa ule yalitoa sabufa nje na kuzipigisha kelele zote kwa pamoja, kila moja na wimbo wake. Kwake ililia moja tu, tena kwa sauti ya chini, na mteja alilazimika kuinama. Nilimwambia mara nyingi kwamba hivyo anafukuza watu. Alinijibu kuwa anayetaka kusikia huinama.

Mteja akishachagua, hakumruhusu alipe papo hapo. Alimwambia aiwashe, atembee nayo hadi kijiwe cha bodaboda, asimame katikati ya ngurumo za pikipiki, kisha arudi amweleze alichosikia. Wengine walicheka, lakini walikwenda. Watu wakikusanyika kuangalia toleo jipya, alilitoa kwenye boksi, akaliinua hadi usawa wa kifua na kuliachia lianguke kwenye sakafu ya saruji. Likiendelea kuimba, aliliokota na kulirudisha rafuni. Likinyamaza, aliliweka chini ya meza, na kwa msimu huo hakuagiza jingine la aina hiyo.

Aina zenyewe zilikuwa nyingi, ila kwa Bariadi zilizopigana kweli ni mbili. Nitaziita Njiwa na Radi. Si majina yao, ila yanatosha. Zote zilitengenezwa mbali huko, zikapitia Dar es Salaam na Mwanza mpaka kutufikia, na Jirani aliwazungumzia watengenezaji wake kama watu wawili wanaogombania ua mmoja. Njiwa wakitoa yenye tochi, msimu unaofuata Radi wanatoa yenye tochi mbele na nyuma. Radi wakiweka kipande cha sola mgongoni, Njiwa wanaweka taa za rangi zinazorukaruka kufuata mdundo. Wakati huo betri iliandikwa kubwa zaidi kwenye boksi kila mwaka, na kila mwaka ilikuwa nyepesi zaidi mkononi. Jirani alipopokea mzigo alifungua redio moja kwa bisibisi, akaitazama tumboni, akaifunga.

"Wameongeza taa, wamepunguza shaba," alikuwa akiniambia kupitia dirishani, na mimi nikaendelea kukanyaga cherehani.

Ukimuuliza ipi bora kati ya Njiwa na Radi, hakukujibu. Alikuuliza, "Bora kwa nani?" Kisha yakafuata maswali mengine. Unasikilizia wapi, nani anakuchajia, kuna watoto nyumbani, macho yako yanaonaje. Mtu aliyekuja akiwa na haraka aliudhika na kwenda duka jingine. Aliyevumilia alitoka na redio ambayo mara nyingi haikuwa ile aliyoitaka, na sikumbuki wengi walioirudisha.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na maringo. Redio iliyonunuliwa duka lingine ikiletwa kwake imeharibika, aliiangalia kwa mbali, mikono nyuma, akasema irudi kwa wazazi wake. Katika kupatana bei alikuwa mgumu kama ngozi iliyokauka, na sauti yake ilizidi kushuka kadiri ulivyombana, mpaka ukawa unapatana na mtu anayenong'ona. Na hakuomba radhi. Akikukosea, uliona tu chai ya tangawizi imeletwa kutoka mgahawani, na hapo ukajua mambo yameisha.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba muziki hakuupenda. Aliingizia watu nyimbo za kwaya, za ngoma za wakulima, kaswida, za vijana wa mjini, zote kwa uso uleule, na alijua mteja wa kijiji gani anataka nini. Lakini duka likiwa tupu alijiwekea kitu kimoja tu: matangazo ya mpira ya zamani. Sijui aliyapata wapi. Mtangazaji anahema, uwanja unanguruma, na wachezaji wenyewe walishastaafu au walishazikwa. Siku moja nikamuuliza mechi inayojulikana ilivyokwisha ina utamu gani. Akasema mechi ya leo inamtia wasiwasi, na wasiwasi anao wa kutosha, lakini ile ya zamani anaweza kuisikiliza huku akimwonea huruma anayetangaza, kwa sababu yule bado hajui.

Sasa nimweleze mama yangu, maana bila yeye nisingekuwa na cha kusimulia zaidi ya hapo.

Mama alibaki Ngulyati na kaka yangu. Presha ya macho ilimwingia taratibu. Kwanza akashindwa kuchambua mchele, kisha akawa anawatambua ng'ombe kwa kengele zao, mwishowe akawa hatoki uani bila kushikwa. Mtu aliyezoea kulima toka alfajiri akakaa kwenye kigoda mchana kutwa. Nilimwambia Jirani kwamba namtafutia mama redio. Hakuniuzia. Alisema Jumapili atakwenda mwenyewe.

Akaja Ngulyati kwa bodaboda na Njiwa ya toleo la zamani, ile yenye vitufe vitano. Kisukuma chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Alisema "Mwangaluka, mayu" saa ambayo salamu ya asubuhi imeshapita, mama akacheka na kumwitikia hivyohivyo ili asimvunje moyo. Akakaa chini karibu na kigoda, akaushika mkono wa mama, akakipeleka kidole kwenye kitufe cha kati. Kile kilikuwa kimebonyea kidogo. Cha kulia na cha kushoto vilikuwa vyembamba, cha juu kilichongoka, cha chini kilikuwa kirefu. Kabla ubwabwa haujaiva, mama alikuwa anakwenda mbele na nyuma, anapandisha na kushusha. Alimwambia Jirani kwamba kumbe hata vidole vina macho. Toka siku hiyo ukiingia uani kwetu ulimsikia kwanza mama na redio yake, ndipo ukasikia kuku.

Ilimkaa miaka. Kisha ndama akaikanyaga.

Nilikwenda kwa Jirani nikijua ni jambo la dakika chache. Akaangalia rafuni, akaangalia chini ya meza, akakaa kwenye benchi. Toleo lile lilikuwa limekwisha. Njiwa walikuwa wamehamia uso wa kioo, kwa sababu Radi walitangaza kwamba vitufe ni vya kizamani. Na Radi wenyewe walikuwa wamevilaza vitufe vyao vyote vikawa mstari mmoja tambarare, ili redio iwe nyembamba kuliko ya Njiwa. Jirani aliulizia Maswa, akaulizia Lamadi na Magu, akamtuma dereva wa basi atazame Mwanza. Kila mahali aliambiwa hiyo haitengenezwi tena. Nilimwona amekasirika kwa namna ambayo hakuwahi kukasirikia mteja.

"Wanashindana kuhamisha vitufe," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeuliza kidole kimefika wapi."

Ilikuwa msimu wa pamba. Nilimleta mama mjini kwa ajili ya kliniki ya macho, na baada ya kliniki alikaa nami barazani, kwenye kigoda nyuma ya cherehani. Ikatokea kwamba siku hiyo wawakilishi wa kampuni zote mbili walifika. Wa Njiwa alikuwa kijana mwenye tai, mpole, anayejifuta jasho. Wa Radi alikuwa binti aliyeendesha pikipiki yake mwenyewe toka Mwanza, na alikuja na mkataba. Radi walitaka Jirani awe wakala wao wa mkoa mzima wa Simiyu. Maduka yote ya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega yangechukua mzigo kwake. Wangempakia duka rangi, wangemwekea bango. Sharti lilikuwa moja tu, asiuze Njiwa wala kingine chochote.

Mkewe alikuwepo. Alikuja kila siku na chakula cha mchana, na siku hiyo alikaa, akasahau kufungua bakuli. Wote tulijua maana ya mkataba ule kwa mtu mwenye chumba chembamba cha kupanga.

Jirani aliusoma mpaka mwisho. Kisha akaukunja, akatoka nao barazani, na wale wawili wakamfuata.

"Kabla sijasema neno, nina mama hapa," aliwaambia. "Kila mmoja ampe redio yake, na asimwelekeze. Atakayoiwasha na kubadilisha wimbo mwenyewe, nitaiweka mbele msimu mzima."

Watu wa bodaboda wakasogea kutazama. Kijana wa Njiwa alimpa mama ile ya kioo. Mama aliipapasa huku na huku kama anayetafuta mlango. Ikawaka, ikasema kitu kwa Kiingereza. Mama akaniuliza kwa Kisukuma kama imemsalimia. Nikamwambia sijui. Akasema basi waijibu wanaoifahamu, akamrudishia kijana kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Akapewa ya Radi, nikaitia kadi yenye nyimbo zake za nyumbani. Hiyo aliiwasha. Vidole vikapita kwenye ule mstari, vikarudi, vikapita tena, na kila mahali palikuwa sawa na pengine. Akabonyeza alipobahatisha, sauti ikapanda ghafla hadi mbuzi waliofungwa kwenye paa la basi wakashtuka. Mama akaibana kifuani kuinyamazisha. Alipoiweka mapajani, alionekana amechoka.

"Wanangu, mnanisumbua," alisema. "Yangu ilikuwa inanijua."

Nilifasiri. Kijana wa Njiwa aliinama chini. Yule binti wa Radi alinitazama, kisha akapiga magoti mbele ya mama pale vumbini, kama mabinti wa kwetu wanavyopiga wanapomwamkia mtu mzima, ingawa sidhani kama alikuwa Msukuma. Akaniomba nimuulizie mama kidole chake kinataka kusimama wapi.

Mama alifikiri. "Pa kuimbia," alisema. "Nikipata pa kuimbia, kwingine nitafika mwenyewe."

Binti akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akadondosha tone nene kwenye kitufe cha kuchezea nyimbo. Pembeni, kwenye kile cha kwenda mbele, akaweka matone mawili madogo. Akapuliza. Tukangoja pamoja naye, hata watu wa bodaboda. Yalipokauka akamshika mama kidole akakipeleka. Mama akabonyeza, kwaya ya akina mama wa kijijini kwetu ikaanza. Akaenda mbele, akarudi, akaenda mbele tena. Kisha akacheka, na mimi nikageukia cherehani yangu nikajifanya natafuta uzi.

Binti alisimama, akajipangusa magoti, akamwendea Jirani na kalamu. "Baba, tumeshinda," alisema.

"Umeshinda wewe," Jirani akamjibu, kwa ile sauti yake ya chini. "Redio yako imeshindwa kama ya mwenzako. Kilichomsaidia mama ni rangi ya kucha, na huu mkataba ni wa Radi."

Akamrudishia karatasi zake. Neno lake alilitimiza: Radi walikaa rafu ya mbele msimu ule wote, na Njiwa wakakaa nyuma yao. Lakini hakusaini.

Kupitia ukutani nilimsikia mkewe jioni ile. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Umekataa mkoa mzima kwa sababu ya rangi ya kucha," na baada ya hapo nikasikia bakuli zinafunikwa.

Mimi pia niliona ni kiburi. Nilimwambia hivyo kesho yake. Akaniuliza kama mtu akija kushonewa, namchagulia kitambaa kinachomfaa yeye au kinachokifaa kiwanda. Nikamwambia hakuna kiwanda kilichowahi kunipa mkoa, kwa hiyo jibu silijui. Alicheka kidogo. Halafu akavuka barabara kwenda duka la vipodozi kununua rangi ya kucha.

Mzee mwenye ndevu na kofia ya kufuma, ananunua rangi ya kucha nyekundu. Mji ulisema uliyoyasema. Yeye alikaa kwenye benchi lake akadondoshea kila redio iliyokuwa dukani, za Njiwa na za Radi, na toka hapo hakuna redio iliyotoka kwake bila matone. Wazee wa vijijini waliagiza kwa jina hilo, "ile yenye tone." Na wachungaji nao waliipenda, maana waliweza kubadilisha wimbo ikiwa mfukoni bila kuitazama.

Lakini tone halikuzuia lililokuja. Radi waliupeleka uwakala kwa duka kubwa la barabara kuu, na duka lile likauza rejareja kwa bei ambayo Jirani alikuwa ananunulia. Wateja wake wakapungua mmoja mmoja. Wengine walinunua kule kisha wakamletea awawekee tone, na yeye aliyekuwa akizitazama redio za watu mikono nyuma sasa alizipokea, akaziwekea, wala hakuwatoza.

Yule binti alipita kwangu mwishoni mwa msimu nimbadilishie zipu ya jaketi lake la pikipiki. Nikamwona hana mzigo. Akaniambia kwamba mkataba wa Bariadi ulikuwa ndio mtihani wake. Wakubwa wake walimwambia akirudi bila saini ya Jirani, nafasi yake inapewa mwingine. Walimpa muda mpaka pamba iishe. Pamba ilikuwa imeisha. Nikamuuliza kwa nini hakumweleza Jirani siku ile. Akasema alikwenda kuuza redio, hakwenda kuuza shida zake.

Nilimweleza Jirani nilipomaliza zipu na binti ameondoka. Alikuwa anafuta rafu.

"Hakuniambia," alisema.

"Angekuambia, ungesaini?"

Alifuta rafu ileile kwa muda mrefu. "Nisingesaini," alisema. "Lakini ningemuuliza atakula wapi."

Siku hiyo hakusikiliza mpira wake. Kesho yake aliniomba namba ya binti, maana niliihifadhi kwa ajili ya jaketi, akapiga akiwa amesimama nyuma ya duka. Sikusikia alichosema. Nilichoona ni kwamba wiki haikuisha kabla pikipiki ile haijarudi. Binti aliingia dukani na kofia yake ngumu mkononi, akasema wazi kwamba hakuja kuhurumiwa. Jirani akamwonyesha rafu zilizokuwa nusu tupu na kumuuliza kati yao wawili anadhani ni nani wa kuhurumiwa. Akaletewa chai ya tangawizi.

Wakagawana duka, rafu ya kulia yake, ya kushoto ya mzee. Na hapo ndipo Jirani alipokutana na kitu alichoapa mbele yangu mara nyingi kwamba hakitaingia mlangoni kwake. Binti alileta simu za kugusa. Alimweleza kwamba wateja wanakuja na simu zao, wanataka nyimbo ziingizwe humo, na wanaondoka wakiambiwa hapa ni redio tu. Jirani alizigeuza zile simu kifudifudi rafuni. Binti akazigeuza tena. Ilikuwa hivyo kila asubuhi kwa kipindi kirefu, bila mmoja wao kumsemesha mwenzake juu ya jambo hilo, mpaka siku moja nilipofika nikakuta simu zimelala chali na Jirani anazifuta na kitambaa changu, mbele na nyuma.

Binti ndiye aliyemletea habari za wale mahasimu wake wawili. Njiwa walikuwa wameacha kabisa kutengeneza redio za memori. Radi waliacha pia, wakaanza kutengeneza simu, na hata hizo hazikuwa zinauzika sana. Jirani alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye benchi, miguu ameinyoosha. Alisema walikazana kutazamana wao kwa wao miaka yote ile, na aliyewapita wote wawili alipita upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama. Nilitegemea aonekane amefurahi, kwa jinsi alivyokuwa akiwasema. Hakuonekana. Alikuwa kama mtu aliyesikia msiba wa watu aliozoea kugombana nao.

Baada ya hapo hakukaa sana. Magoti yalimsumbua, mkewe akamtangulia kwenda Nyashimo kwa binti yao anayeuza nafaka kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, na asubuhi moja yeye naye akafunga mkoba. Funguo alimkabidhi yule binti wa pikipiki, ambaye ndiye jirani yangu mpaka leo. Mimi aliniaga kwa kunisogezea benchi lake karibu na cherehani, akasema wateja wangu wanachoka kusimama.

Mwaka huu nilikuwa nakwenda Mwanza kununua vitambaa, nikashuka Nyashimo. Si vigumu kumpata mtu pale ukijua anauza nini. Nikaulizia duka la nafaka la binti wa mzee fulani mrefu mwenye ndevu, nikaonyeshwa. Nilimkuta kivulini kwenye kiti cha plastiki, amepungua mwili, anachambua maharage kwenye ungo. Hapakuwa na redio karibu, wala simu. Aliniita Fundi kabla sijafika.

Tulisalimiana sana. Aliulizia baraza, aliulizia mlango wa duka kama bado unasugua chini. Kisha akaulizia mama.

Nikamwambia mama amefariki. Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka jana, na habari haikumfikia. Aliweka ungo chini. Akasema innalillahi. Malori yalikuwa yanapita barabarani na kutikisa kivuli cha mahema ya wauza matunda.

"Mwishoni alikuwa anasikiliza nini?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo tangu nilipopanda basi. Ningeweza kumtajia kwaya ya kijijini, naye angefurahi. Lakini alikuwa mtu ambaye aliliangusha kila toleo jipya la redio kwenye saruji ili aujue ukweli wake, nikaona nisimpe jibu la kumbembeleza.

Nikamweleza kwamba miezi ya mwisho mama hakusikiliza kitu. Redio yake yenye tone ilikuwa nzima, imechajiwa, imekaa kwenye mto karibu na mkono wake. Ila mchana mmoja kaka yangu alipoitaka kuiwasha, mama alimzuia. Alisema redio imemsemesha vya kutosha, sasa wamsemeshe wao. Basi tukapokezana. Kaka alimweleza habari za ng'ombe, kila mmoja kwa rangi yake. Shemeji alimweleza nani amegombana na nani kisimani. Mimi nilikuja kila Jumamosi na kumweleza nguo nilizoshona, kola ilikuwaje, kitambaa kilikuwa na maua gani, mwenye nguo alisema nini. Alikuwa anasikiliza amefumba macho, na ukinyamaza kabla hujamaliza alikuambia endelea.

Jirani aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Alipouinua uso, nikaona ni tabasamu, si kubwa.

"Basi hapo tumeshindwa sote," alisema. "Njiwa, Radi, na mimi."

Nikamwambia redio ile ilimvusha mama miaka mingi ambayo kina kaka walikuwa shambani na mimi niko mjini. Akatikisa mkono, kama mtu anayesema hilo analijua na si hilo analolisema. Kisha akauchukua ungo, akausogeza katikati yetu ili nami nifikie.

"Mabasi ya Mwanza yapo mengi?" aliuliza.

"Mengi."

"Basi nieleze hizo nguo," alisema. "Zile ulizomweleza."

Nilivuta kiti. Nikaanza na sare ya kwaya, ya kitambaa cha bluu yenye ukosi mweupe, na jinsi mwenyekiti wa kwaya alivyoikataa mara ya kwanza kwa sababu mikono ilikuwa mifupi. Jirani alifumba macho, vidole vyake vinaendelea kutafuta mawe kwenye maharage. Basi likasimama, kondakta akaita Mwanza, likaondoka. Nikaendelea.